Ikiwa Njema Ni ya Wote: Umilikaji wa Fasihi Simulizi na Uchumi wa Kutoa Bure, kutoka Walikale hadi Makobola

1.0 Utangulizi

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili zilizonakiliwa Unguja. Mkusanyo huo umehifadhi kauli ya kumalizia masimulizi ambayo wasikilizaji wa mwambao waliizoea sana. Msimulizi hutangaza kwamba ikiwa hadithi yake ni njema, wema wake ni wa watu wote, na ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wa yule peke yake aliyeitunga. Wahakiki wengi huipita kauli hiyo kama pambo la kufungia hadithi, sawa na "paukwa" lilivyo pambo la kuifungulia. Makala haya yanaichukulia kwa uzito zaidi. Kauli hiyo ni hati fupi ya umilikaji. Inatoa kitu kwa wote bila malipo, lakini haisemi kwamba kitu hicho hakina mwenyewe. Faida hugawanywa kwa hadhira nzima. Dhima hubaki kwa mtunzi.

Mambo mawili haya, yaani kutoa kitu na kutokuwa na mwenyewe, ndiyo yanayochanganywa mara kwa mara katika ufundishaji wa fasihi simulizi. Vitabu vingi vya kufundishia hutaja, miongoni mwa sifa bainifu za utanzu huo, kwamba ni mali ya jamii nzima na kwamba mtunzi wake hajulikani. Mwanafunzi huikariri sifa hiyo, huijibia mtihani, na baadaye naye huwafundisha wengine. Makala haya yanadai kwamba sifa hiyo ikichukuliwa kwa ujumla wake si ya kweli, na kwamba kosa lake si la kinadharia tu. Kitu kinachosemwa kuwa hakina mwenyewe huokotwa, na aliyekiokota ndiye huandikwa kuwa mwenyewe.

Ili kulithibitisha dai hilo, makala yanachunguza mifano minne kutoka mashariki na kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: chama cha Bwami cha Walega na Wabembe, utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, historia ya mji iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na ushuhuda wa mauaji ya Makobola katika Fizi. Mifano hii haifanani. Kila mmoja unalijibu swali moja kwa njia yake: nini hutokea neno linapotolewa bure, na ni nani hulipa gharama ya ubure huo?

2.0 Elimu yenye mlango: mfano wa Bwami

Dai la kwamba elimu ya jadi ilikuwa wazi kwa kila mtu linapata pingamizi kubwa katika eneo hasa linalohusika hapa. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti mashariki mwa Kongo kuanzia 1949, alikieleza kwa kirefu chama cha Bwami katika kitabu chake kuhusu utamaduni wa Walega kilichochapishwa mwaka 1973. Wabembe wa Fizi, majirani wa Walega kwa asili na kwa lugha, nao walikuwa na Bwami yao. Chama hicho kilikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na methali zake, ngoma zake, na vinyago vidogo vya pembe, mifupa au miti ambavyo maana yake ilifafanuliwa kwa methali hizo. Mtu hakuifikia maana kwa kusikiliza tu. Aliifikia kwa kupandishwa ngazi, na ili apandishwe ilimbidi akusanye mali kwa msaada wa jamaa zake, naye aitoe mali hiyo igawanywe kwa waliomtangulia.

Mtazamaji wa haraka anaweza kusema kwamba hapo elimu iliuzwa. Kauli hiyo haitoshi. Mali iliyotolewa haikurundikwa na mtu mmoja, iligawanywa. Vinyago vingi havikuwa bidhaa. Aliyekabidhiwa alivitunza kwa zamu yake, kisha vikapita kwa mrithi wake wa ngazi. Methali nayo haikupungua kwa kufundishwa. Kilicholindwa kilikuwa uhusiano kati ya aliyetoa na aliyepokea: hakuna aliyeijua methali ya ngazi fulani ambaye hakujulikana ameipata kwa nani na mbele ya nani. Kwa lugha ya leo, Bwami haikuuza nakala, iliandikisha wapokeaji.

Mfano huu una funzo la pili. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipokipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, mlango ulifungwa kutoka nje. Mafunzo yaliyotegemea mikutano ya wanachama yalidhoofika, na katika miongo iliyofuata vinyago vingi vikaishia katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Huko vinatazamwa kama sanaa, vikiwa vimetenganishwa na methali zilizovipa maana. Kinyago kilisafiri, maneno yake hayakusafiri nacho. Kwa hiyo uwazi una hoja yake yenye nguvu: elimu yenye walinzi wachache huwa hatarini walinzi hao wakiguswa. Hata hivyo, hoja hiyo haithibitishi kwamba elimu hiyo haikuwa na wenyewe. Inathibitisha tu kwamba wenyewe walikuwa wachache.

3.0 Utendi wa Mwindo: tuzo na kitabu

Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Shé-Kárisi Candi Rureke, aliusimulia na kuuimba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, akisaidiwa na wapiga ala na waitikiaji, huku maneno yake yakinakiliwa. Matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza yalichapishwa mwaka 1969 na Chuo Kikuu cha California, chini ya uhariri wa Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe. Kitabu hicho kimekuwa miongoni mwa misingi ya mjadala juu ya tendi za Afrika, hasa baada ya madai ya zamani kwamba bara hili halikuwa na tendi. Bila ya kazi ya wahariri hao, dunia isingeujua utendi huo. Jambo hilo halina ubishi.

Swali la makala haya ni jingine. Katika utendaji wa Kinyanga, msimulizi hakufanya kazi bila malipo, wala hakuuza. Alilishwa, alipewa pombe, na katikati ya masimulizi wasikilizaji walimpa zawadi ndogondogo za shanga, bangili au fedha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili aielewe desturi hiyo, kwa sababu katika taarabu msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka na kumtuza mwimbaji. Tuzo si bei. Asiye na kitu husikiliza wimbo ule ule kama aliye nacho, na anayetoa hutoa kwa kadiri alivyoguswa. Ndiyo maana ya methali isemayo kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini tuzo si bure pia. Hutolewa mbele ya watu, kwa mtu anayejulikana, papo hapo, na hurudi kwa yule yule aliyetoa sauti.

Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alieleza kwamba utoaji katika jamii nyingi huongozwa na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Ukiufuata mtazamo huo, utendaji wa Rureke ulikuwa duara kamili. Kitabu kililikata duara hilo. Msomaji anayekinunua anatoa fedha, lakini fedha hiyo huenda kwa mchapishaji na kwa duka. Naye msomaji haoni kwamba amepokea kitu kutoka kwa Rureke. Huona amenunua kitabu. Katika orodha za maktaba na katika marejeo ya wahakiki, utendi huo hutajwa mara nyingi kwa majina ya wahariri wake, na jina la msimulizi hubaki katika utangulizi.

Linaloshangaza ni kwamba matini yenyewe hayakubali kusahauliwa huko. Masimulizi ya Mwindo si sauti ya jamii isiyo na uso. Katika nyimbo zilizomo, msimulizi hujitaja, hutaja safari na hali yake, na humgeukia hata mwandishi anayeyanakili maneno yake. Mhakiki anayeamini kwamba fasihi simulizi haina mtunzi huyaona maneno hayo kama vitu vilivyopenya kutoka nje ya hadithi. Yamkini ni kinyume chake. Ni saini iliyotiwa kwa njia pekee iliyokuwapo, ndani ya sauti. Kisa cha Mwindo chaweza kuwa cha Wanyanga wote. Siku zile 12 zilikuwa za Rureke.

4.0 Matini ya Yav: maandishi yaliyotolewa na kurudishwa

Mwaka 1965, katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville na ambao sasa ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya kundi la watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Aliipa kichwa cha Kifaransa kinachoiita msamiati wa mji wa Elisabethville, lakini lugha yake ni Kiswahili cha Shaba. Maandishi hayo yalipigwa taipu kwa tahajia isiyofuata kanuni za shule, maneno yakiungana na kutengana bila utaratibu uliozoeleka. Yanaisimulia historia ya ukoloni kutoka upande wa jikoni na uani: mishahara, chakula, na majina ambayo watumishi waliwapa mabwana zao.

Johannes Fabian aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990, pamoja na tafsiri na insha ya ufafanuzi, kwa ushirikiano na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Mambo mawili katika kazi hiyo yanahusu hoja iliyopo. Kwanza, jina la Yav limo katika kichwa cha kitabu chenyewe. Pili, ili matini yaeleweke, ilibidi yasomwe tena kwa sauti na mzungumzaji wa lugha hiyo, kisha sauti hiyo ndiyo ikasaidia kuyatafsiri. Maandishi yaliyotokana na masimulizi yalirudi kuwa masimulizi kabla ya kuwa kitabu. Hapo linaonekana wazi jambo ambalo bei ya kitabu huficha: mchango wa msomaji yule wa Lubumbashi ni sehemu ya kazi, si huduma ya pembeni.

Hata hivyo, kitabu kilichochapishwa Ulaya kwa ajili ya maktaba za vyuo vikuu hakikuweza kufika kwa urahisi mikononi mwa wasomaji wa mji ambao kinauhusu. Hatua iliyofuata ilijaribu kulitatua tatizo hilo. Kuanzia mwaka 1998, Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliweka katika intaneti hifadhi ya matini ya Kiswahili cha watu wa kawaida wa Kongo, isomwe bila malipo. Humo yaliwekwa mazungumzo ya Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia ya nchi yake, na baadaye matini ya Yav. Mtafiti aliamua kwamba yale aliyoyapokea hayakuwa yake kuyafungia.

Uamuzi huo ulikwenda sambamba na mabadiliko mapana zaidi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza nchini Marekani mradi wa kutunga programu za kompyuta ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzigawa. Desemba 2002 zilitolewa leseni za kwanza za Creative Commons, ambazo humwezesha mtunzi kutoa ruhusa ya namna hiyo kwa maandishi, picha au muziki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kutokana na kazi iliyotolewa bure na watu wa nchi nyingine. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, umekuwa ukitoa vitabu vya watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa ruhusa ya kunakiliwa na kutafsiriwa.

Ikitazamwa kwa jicho la fasihi ya Kiswahili, leseni hizo si ugeni mkubwa. Nyingi kati yake humpa mpokeaji haki ya kutumia na humtaka jambo moja tu, amtaje mtunzi. Hivyo ndivyo ilivyofanya kauli ya msimulizi wa Unguja zaidi ya karne moja kabla yake. Lakini ulinganisho huo unaibua jambo ambalo watetezi wa ubure hawalisemi vya kutosha. Leseni huanza na mtu mwenye haki. Ni mwenye haki tu anayeweza kuitoa. Asiyetambuliwa kuwa na haki hawezi kutoa kitu. Anaweza tu kuchukuliwa. Kwa hiyo kauli kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii, ambayo huonekana kuwa ya ukarimu, humnyima msimulizi hata ule ukarimu wenyewe. Inamfanya awe chemchemi mahali alipopaswa kuwa mwenyeji.

5.0 Gharama ya kitu cha bure

Tofauti kati ya neno na chakula inajulikana na kila mtu. Muhogo ulioliwa Baraka haupo tena Makobola. Hadithi iliyosimuliwa Baraka asubuhi inaweza kusimuliwa Makobola jioni ile ile, na aliyeisimulia hajapungukiwa. Kutokana na ukweli huo, baadhi ya wanauchumi husema kwamba kitu kisichopungua kikigawanywa kinafaa kigawanywe bure. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu nakala ya pili na zinazofuata. Si sahihi kuhusu nakala ya kwanza. Siku 12 za Rureke na waitikiaji wake, miaka ya kunakili na kutafsiri, saa za Kalundi Mango za kusoma kwa sauti: hizo zote zililiwa, na hazirudi.

Aidha, nakala ya bure nayo inamhitaji mtu wa kuitunza. Hifadhi ya intaneti hukaa katika mitambo ya taasisi fulani, na taasisi hiyo hulipa umeme na mishahara. Ikiacha kulipa, zawadi hupotea bila mpokeaji kuambiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo kwa sehemu kubwa halijafunguliwa katika vyuo vya Afrika Mashariki na Kati. Ndiyo maana matini ya Kiswahili cha Kongo yalifika kwanza Amsterdam kabla ya kufika kwa wanafunzi wengi wa Kiswahili.

Gharama ya tatu humwangukia mpokeaji. Ruhusa ya kusoma haimfai asiye na umeme, asiye na mtandao, au asiyeijua lugha ya ufafanuzi. Matini ya Yav yanaweza kusomwa na mzungumzaji wa Kiswahili wa Fizi kwa juhudi kidogo, kwa kuwa Kiswahili cha Shaba na kile cha Kivu vinakaribiana; insha inayoyafafanua imeandikwa kwa Kiingereza. Aliyefaidika zaidi na ubure huo ni mtafiti ambaye tayari alikuwa na maktaba.

Sheria za nchi zimejaribu kuziba pengo hilo kwa njia mbalimbali. Kongo ina sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986. Tanzania, katika sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliweka ulinzi wa sanaa za jadi na kulipa Baraza la Sanaa la Taifa mamlaka ya kutoa ruhusa kwa matumizi ya kibiashara. Nchi wanachama wa shirika la ARIPO zilipitisha itifaki ya Swakopmund mwaka 2010, na Kenya ilitunga sheria yake ya maarifa ya jadi mwaka 2016, ambayo inaitambua jamii yenyewe kuwa mwenye haki. Kongo si mwanachama wa ARIPO. Matokeo yake ni ya ajabu. Wabembe wengi walivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita, na kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Hadithi ya Kibembe ikisimuliwa Nyarugusu iko chini ya sheria moja. Bibi yule yule akiisimulia Baraka iko chini ya sheria nyingine. Na kwa Tanzania, anayeombwa ruhusa ni baraza la serikali, si bibi aliyesimulia. "Jamii" ya vitabu vya kufundishia imepata ofisi, lakini msimulizi bado yuko nje ya mlango wake.

6.0 Makobola: zawadi ambayo haiwezi kuwa wazi yote

Hadi hapa hoja imekuwa upande wa uwazi wenye kumtambua mtunzi. Mfano wa mwisho unaiwekea mpaka.

Makobola ipo kando ya Ziwa Tanganyika, katika barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, wanajeshi wa kundi la RCD pamoja na washirika wao wa majeshi ya Rwanda na Burundi waliwaua raia katika Makobola II na vijiji vya jirani. Taarifa za mapema 1999 zilitaja watu wapatao 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo ilikusanya matukio 617 ya miaka 1993 hadi 2003 baada ya kuwahoji mashahidi zaidi ya 1,280, ilitaja zaidi ya watu 800.

Ushuhuda ni masimulizi. Una msimulizi, hadhira, mpangilio wa tukio, na mara nyingi fomula zake za kuanzia na kumalizia. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana sababu ya kuuacha nje ya taaluma yake. Lakini katika ushuhuda ile sifa ya "mali ya jamii" huporomoka kabisa. Masimulizi ya mauaji yasiyo na mwenyewe si ushahidi, ni uvumi. Thamani yake yote inategemea kwamba mtu fulani alikuwapo, aliona, na anasema. Wakati huo huo, mtu huyo akitajwa hadharani anaweza kuuawa. Hapa panapatikana hali ya tatu, ambayo si ya kitu chenye hakimiliki wala si ya kitu kisicho na mwenyewe: mwenyewe yupo, anajulikana kwa aliyemsikiliza, na jina lake limehifadhiwa kwa idhini yake na kwa usalama wake.

Uchumi wa ushuhuda nao ni wa pekee. Hauwezi kulipiwa, kwa kuwa malipo yanautia shaka. Hauwezi kutuzwa mbele ya watu. Kwa maana hiyo ni zawadi tupu kuliko zote zilizotajwa: shahidi hutoa kumbukumbu inayomuumiza, hupokea hatari, na hana anachodai ila kimoja, nacho ni kwamba maneno yake yafanye kazi aliyoyatolea. Kipimo cha kurudisha, katika istilahi ya Mauss, ni haki.

Kwa kipimo hicho ripoti ya 2010 imefungua na imefunga kwa pamoja. Matini yake yalitolewa bure kwa kila msomaji, kwa Kifaransa na Kiingereza, katika kurasa zaidi ya 500. Mashahidi hawakutajwa, na hilo ni sawa. Lakini majina ya watuhumiwa nayo yaliwekwa katika kumbukumbu za siri za Umoja wa Mataifa. Daktari Denis Mukwege aliligusa jambo hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mjini Oslo tarehe 10 Desemba 2018: alilalamika kwamba ripoti hiyo imeachwa ndani ya mtoto wa meza ya ofisi, na kwamba wahalifu wameachwa bila majina. Julai 2020 aliyataja tena mauaji ya Kasika na Makobola, na katika siku zilizofuata akatishiwa maisha. Tukio hilo linatosha kuonyesha kwamba kufunga kwa aina moja hakulingani na kwa aina nyingine. Kumficha shahidi ni kumlinda mtoaji. Kumficha mtuhumiwa bila kikomo ni kuiacha zawadi ya shahidi bila jibu.

Kuna upungufu wa pili, nao uko ndani ya uwezo wa taaluma hii. Mtu wa Makobola aliyetoa maneno yake kwa Kibembe au kwa Kiswahili amerudishiwa waraka wa Kifaransa. Kazi ya kuirudisha kwa Kiswahili sehemu inayomhusu, kwa namna inayoweza kusomwa kwa sauti nyumbani, kanisani au redioni, haihitaji mahakama wala baraza la usalama. Inahitaji wafasiri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuna ubure wa aina mbili ambao Kiswahili cha kawaida huuita kwa neno moja. Upo ubure wa kilichotolewa, na upo ubure wa kilichochukuliwa. Wa kwanza unamhitaji mwenye kitu; wa pili unahitaji tu kwamba mwenyewe asitajwe. Sifa ya "mali ya jamii", kama inavyofundishwa, huusaidia ule wa pili huku ikisifiwa kwa fadhila za ule wa kwanza.

Yapo mambo manne yanayofuata. Katika ufundishaji, sifa hiyo ingefaa igawanywe: lugha, fomula na visa vinaweza kuwa vya jamii, utendaji ni wa msimulizi. Katika ukusanyaji, jina la msimulizi na masharti yake, likiwamo sharti la kutotajwa, yaandikwe siku ya kunakili, si siku ya kuchapisha. Katika uchapishaji, kazi zilizolipiwa na vyuo vya umma zitolewe bila malipo, na nakala irudi mahali sauti ilipotoka, kwa lugha ya mahali hapo. Na katika nadharia, uwazi usifanywe kuwa wema wa kila hali. Bwami ilijua kwamba baadhi ya maneno yana ngazi. Mashahidi wa Makobola wanajua kwamba baadhi ya majina yana hatari.

Msimulizi wa Unguja aliyagawa hayo kwa haki katika kauli yake fupi. Wema wa hadithi aliutoa kwa wote, na ubaya aliubeba mwenyewe. Hali ya sasa ya fasihi simulizi ya mashariki mwa Kongo imeyageuza mafungu hayo: wema wake umegawanywa kwa maktaba za mbali, na ubaya umebaki kwa waliosimulia.